Vidhibiti Vilipopoteza Aina Zake: kisa cha kuhamisha mfumo wa SACCOS kutoka .NET 2.0 kwenda 4.8

Usuli

Kisa hiki ni cha chama cha akiba na mikopo kilichopo katika mojawapo ya wilaya za Nyanda za Juu Kusini. Jina la chama, la wilaya na ya watu wote nimeyaondoa, na majina machache ya mafaili nimeyabadilisha kwa sababu yangemtambulisha aliyeuandika mfumo. Sisi tulioitwa kuuhamisha ni watu wawili tunaofanyia kazi Mbeya mjini: mimi na kijana mmoja ambaye wakati huo alikuwa na mwaka wa pili kazini.

Wanachama wengi wa chama hiki ni wakulima wa kahawa, mahindi na viazi, na wapo walimu na wenye maduka. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kuanzia Oktoba foleni ya mikopo ya pembejeo inafika nje ya mlango. Mfumo ukisimama wiki moja katika mwezi huo, kuna mtu atapanda bila mbolea. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotawala maamuzi yetu yote, mazuri na mabaya.

Mfumo ulikuwa wa ASP.NET Web Forms, njia ya Microsoft ya kujenga kurasa za wavuti, umeandikwa juu ya jukwaa lao la programu, .NET Framework 2.0, ile iliyotoka mwishoni mwa 2005. Ulikaa kwenye seva ya Windows Server 2008 R2, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Ulikuwa na kurasa 140 na vidhibiti 38. Kwa asiyezoea Web Forms, kidhibiti ni kipande cha ukurasa chenye faili lake la `.ascx` na msimbo wake wa nyuma, yaani maelekezo ya C# yanayokiendesha. Unakitengeneza mara moja, kisha unakipachika kwenye kurasa unazotaka. Kilichobeba mfumo mzima kinaitwa `ChaguaMwanachama`. Karani anaandika namba ya mwanachama, nacho kinaleta jina, picha, salio la akiba na deni lililobaki. Kilikuwa kimepachikwa kwenye kurasa zaidi ya 60.

Kilichotulazimisha kuhama kilitoka nje. Kampuni inayopokea marejesho ya simu kwa niaba ya chama ilitoa taarifa kwamba itakataa miunganisho yote iliyo chini ya TLS 1.2, toleo la kanuni za kulinda mawasiliano ya mtandaoni. Viraka vya kuiwezesha .NET ya zamani kutumia TLS 1.2 kwenye 2008 R2 vipo, tukavijadili. Tukaona kubandika kiraka kwenye seva isiyopata tena masasisho ya usalama, seva yenye fedha za watu, ni kuahirisha tatizo lile lile. Tukachagua Windows Server 2019 na .NET Framework 4.8. Web Forms haikuvushwa kwenda .NET Core, mrithi wa .NET Framework, kwa hiyo familia ya 4.8 ndiyo mwisho wa safari kwa mfumo wa aina hii, na kwa chama cha ukubwa ule mwisho huo unatosha kwa miaka mingi.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Mfumo wa zamani ulikuwa mradi wa aina ambayo Visual Studio, programu tunayoandikia msimbo, inaiita Web Site. Katika aina hii hakuna faili la mradi. Folda nzima ndiyo mradi, na seva yenyewe ndiyo inayokompaili kurasa (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeka) pale zinapoombwa kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida kila folda inatoa DLL yake, yaani faili la msimbo uliokwisha kukompailiwa, yenye jina linaloanza na `App_Web_` na herufi zisizoeleweka.

Aina ya pili ni Web Application. Hapa misimbo yote ya nyuma inakompailiwa mapema, kwenye mashine ya mwandishi, ikawa DLL moja inayowekwa kwenye `bin`. Mafaili ya `.aspx` (ya kurasa) na `.ascx` yenyewe bado yanakompailiwa kwenye seva, lakini yanarithi madarasa yaliyomo ndani ya ile DLL. Darasa ni kipande cha msimbo chenye jina kinachoeleza kitu kilivyo, na ndilo linalokipa kitu aina yake.

Tuliamua kufanya mambo mawili kwa mpigo: kupanda kutoka 2.0 hadi 4.8, na kutoka Web Site kwenda Web Application. Tulikuwa na sababu. Mfumo wa zamani ulikuwa na ugonjwa wa kutoa kosa moja la kushangaza mara moja kila wiki mbili tatu, likisema kitu cha aina `ASP.vidhibiti_chaguamwanachama_ascx` hakiwezi kugeuzwa kuwa aina `ASP.vidhibiti_chaguamwanachama_ascx`. Majina ni yale yale, herufi kwa herufi. Ukweli ni kwamba zilikuwa aina mbili. Seva ilikuwa imekikompaili kidhibiti kimoja mara mbili, kikawa ndani ya DLL mbili tofauti, na kwa .NET darasa lenye jina moja ndani ya DLL mbili ni madarasa mawili yasiyojuana. Karani wao alikuwa amejifunza kuizima na kuiwasha seva kila likitokea. Tukasema Web Application itang'oa mzizi wa hilo, na iling'oa kweli.

Hata hivyo, kuunganisha hatua mbili lilikuwa kosa. Nitalirudia mbele.

Yaliyotokea

Tulianza wiki ya pili ya Agosti. Tulifungua mradi mpya wa Web Application, tukanakili mafaili yote, tukabonyeza amri ya `Convert to Web Application` juu ya mradi mzima. Amri hiyo inafanya mambo matatu makubwa. Inabadilisha neno `CodeFile` kuwa `CodeBehind` juu ya kila ukurasa, inaipa folda ya `App_Code` (ya msimbo unaotumiwa na kurasa zote) jina jipya la `Old_App_Code`, na inatengeneza faili la `.designer.cs` kwa kila ukurasa na kila kidhibiti. Ndani ya faili hilo ndimo inamotangazwa kila kitu kilichomo kwenye ukurasa pamoja na aina yake.

Tukakompaili. Makosa 87. Tulifurahi, maana tulitegemea mamia.

Mengi yalikuwa CS0111 na CS0102, yaani darasa moja lina metodi (vipande vya msimbo vinavyofanya kazi fulani) mbili zinazofanana au limetangaza kitu kimoja mara mbili. Chanzo chake kilikuwa majina. Visual Studio ina desturi ya kubandika jina la folda mbele ya jina la darasa, mfano `Mikopo_Kichwa`. Aliyeandika mfumo hakuifuata. Alikuwa na `Kichwa` kwenye folda ya Mikopo na `Kichwa` kwenye folda ya Akiba. Zamani kila folda ilikuwa DLL yake, kwa hiyo hawakugongana. Sasa wote wamewekwa chumba kimoja. Na kwa kuwa madarasa haya yanatangazwa kwa neno `partial`, kompaila haioni madarasa mawili. Inaona vipande viwili vya darasa moja na kuviunganisha. Tukayabadilisha majina yaliyotoa makosa. Siku moja na nusu, makosa 87 yakaisha.

Tukakompaili tena. Makosa zaidi ya 600.

Kijana alinitazama akasema, "Kaka, tumeharibu kitu." Hatukuwa tumeharibu. Kompaila ya C# inakagua kwa hatua. Kwanza matamko ya madarasa na wanachama wake, na matamko yakiwa na makosa haifiki kwenye miili ya metodi. Yale 87 yalikuwa kifuniko cha sufuria.

Makosa mapya yalikuwa ya namna mbili. Kundi dogo lilikuwa CS0246, jina `ASP` halipatikani, kwenye mistari kama huu, unaopakia kidhibiti kwa `LoadControl` wakati ukurasa unaendeshwa:

```
var m = (ASP.vidhibiti_mstarimdhamini_ascx)
        LoadControl("~/Vidhibiti/MstariMdhamini.ascx");
```

Kundi kubwa lilikuwa CS1061, kwamba `UserControl` haina kitu kinachoitwa `NambaYaMwanachama`, au `Salio`, au `Deni`. Sifa hizo tunaziona kwa macho ndani ya `ChaguaMwanachama.ascx.cs`. Zipo. Kompaila inasema hazipo.

Hapa tulipoteza siku mbili. Tulikuwa tumebakiza wiki sita, makosa ni mengi, na mkono ukakimbilia dawa ya haraka: kugeuza aina kwa nguvu kila mahali inapolalamikiwa.

```
((ChaguaMwanachama)cmMwanachama).NambaYaMwanachama
```

Makosa yalipungua, ndiyo. Tulimaliza kurasa 20 hivi kwa mtindo huo. Siku ya pili jioni nilifungua faili la `.designer.cs` la ukurasa mmoja, kwa kutafuta jambo jingine kabisa, nikaona mstari huu:

```
protected global::System.Web.UI.UserControl cmMwanachama;
```

Ulitakiwa kusema `ChaguaMwanachama`. Uliandikwa `UserControl`, baba wa vidhibiti vyote, ambaye hajui lolote kuhusu namba ya mwanachama wala deni. Makosa 500 na ushee yalitoka kwenye matamko kama hayo, mstari mmoja kwa kila kidhibiti kilichopachikwa. Sisi tulikuwa tunafuta maji sakafuni na bomba liko wazi.

Kwa nini Visual Studio iliandika hivyo? Wakati inatengeneza faili la ukurasa inahitaji kujua aina halisi ya kidhibiti kilichopachikwa, na aina hiyo inaipata kwenye mradi uliokwisha kukompailiwa. Mradi wetu ulikuwa haujawahi kukompailiwa hata mara moja. Ilipokosa jibu iliandika jina ambalo ina uhakika nalo, yaani `UserControl`. Mradi haukompailiki kwa sababu matamko si sahihi, na matamko si sahihi kwa sababu mradi haukompailiki.

Tulirudisha nyuma kazi yote ya siku mbili kwa git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, na kuanza upya kwa mpangilio mwingine:

1. Tuliziondoa kurasa zote kwenye mradi kwa `Exclude From Project`. Mafaili yalibaki kwenye diski, lakini kompaila haiyaoni.
2. Tulibakiza `Old_App_Code` na vidhibiti visivyotegemea kidhibiti kingine. Tukakompaili mpaka sifuri.
3. Tukaongeza vidhibiti vinavyobeba vidhibiti vingine. Tukafuta `.designer.cs` zao, tukabonyeza tena `Convert to Web Application` juu ya folda, tukakompaili.
4. Ndipo tukarudisha kurasa, folda kwa folda, kila folda ikipitia mzunguko huo huo.

Mara hii Visual Studio ilipouliza aina ya `cmMwanachama`, jibu lilikuwepo kwenye `bin`. Kazi iliyotushinda kwa wiki nzima iliisha kwa siku mbili. Vidhibiti vitatu tu viligoma kutambuliwa. Kwa hivyo tulifuta mstari wa tamko kwenye `.designer.cs` na kuuandika wenyewe kwenye msimbo wa nyuma. Ukilisahihisha tamko ndani ya `.designer.cs` peke yake, chombo kitaliandika upya siku yoyote utakapogusa ukurasa. Likiwa kwenye msimbo wa nyuma linaachwa kama lilivyo.

Mstari wa mdhamini

Lilibaki kundi dogo, lile la `ASP`. Majina yanayoanza na `ASP` yanatengenezwa na seva wakati inakompaili `.ascx`. Katika Web Application msimbo wa nyuma unakompailiwa kabla ya hapo, kwa hiyo hauwezi kuyajua. Dawa ni kuliita darasa la msimbo wa nyuma badala ya lile la seva.

Nilimwachia kijana kazi hiyo nikaenda kushughulikia hifadhidata. Alikuta kwamba `LoadControl` ina sura ya pili, inayopokea aina badala ya njia ya faili, akaandika:

```
var m = (MstariMdhamini)LoadControl(typeof(MstariMdhamini), null);
```

Ni safi kwa macho, hakuna njia ya faili ya kukosea, na ilikompailiwa bila kosa hata moja. Tuliipeleka kwenye seva ya majaribio, tukasafiri hadi ofisini kwao, mhasibu akakaa kwenye kompyuta ya kaunta. Ni mama wa makamo aliyefanya kazi pale tangu siku za leja za karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nifungue mkopo gani?"

Nilimpa mkopo wa mbolea wa majaribio wenye wadhamini watatu. Akaandika namba, jina na picha vikaja, salio likaja. Akashuka chini hadi sehemu ya wadhamini, akasimama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, huyu anadhaminiwa na nani? Hapa pameandikwa Wadhamini, halafu peupe."

Hakukuwa na kosa lolote kwenye kioo wala kwenye kumbukumbu za seva. `LoadControl` inayopokea aina inaunda darasa la msimbo wa nyuma peke yake. Faili la `.ascx` haliguswi. `MstariMdhamini` ilikuwa inaonyesha jina na kiasi kwa alama za `<%= %>` zilizoandikwa ndani ya `.ascx`. Msimbo ulijaza sifa zake vizuri, lakini hapakuwa na umbo la kuzionyesha. Laiti kidhibiti kingekuwa na kisanduku ambacho msimbo unakigusa, tungepata kosa la kitu kitupu na kulikamata mezani kwetu. Hiki kilinyamaza.

Tuliirudisha njia ya faili na kubadilisha aina tu:

```
var m = (MstariMdhamini)LoadControl("~/Vidhibiti/MstariMdhamini.ascx");
```

Mkopo wenye nafasi tupu ya wadhamini ungeweza kupitishwa na karani mwenye haraka. Ndiyo maana namshukuru yule mama hadi leo.

Seva ya majaribio ilitufundisha mengine

Nitayapitia haraka, kwa kuwa kila moja lilikula saa chache tu.

Mafaili matatu yalibaki na `CodeFile` badala ya `CodeBehind`; amri ya kubadilisha iliyaruka. Kwetu yalikubali kwa sababu mafaili ya `.cs` yapo. Kwenye seva, ambako hatupeleki `.cs`, yakadai faili halipo.

Folda ya zamani ya `App_Code` ilikuwa imesalia kwenye seva kutokana na jaribio la mwanzo. Seva ikaikompaili kama desturi yake, huku madarasa yale yale yakiwa tayari ndani ya `bin`. Matokeo yake ni CS0433, aina moja iko sehemu mbili. Tuliifuta folda, tukafuta na yaliyomo kwenye `Temporary ASP.NET Files`.

Hati za JavaScript zilikuwa zinatafuta visanduku kwa majina marefu yanayoanza na `ctl00_`. Kuanzia .NET 4.0 mtindo wa kawaida wa kutengeneza majina hayo ulibadilika. Tuliweka `clientIDMode="AutoID"` kwenye `web.config`, faili la mipangilio, kurudisha mtindo wa zamani, na hatukugusa hati hata moja.

Moja lilitutia hofu zaidi ya ukubwa wake. Baada ya kuhamia 4.8, malipo ya simu yaliendelea kukataliwa, jambo lenyewe tuliloitiwa. Tulikuwa tumeandika `targetFramework="4.8"` kwenye `compilation`, tukaona inatosha. Haitoshi. Hiyo inaiambia seva ikompaili kwa toleo gani. Tabia ya programu wakati inafanya kazi, pamoja na TLS inayotumika bila kutajwa, inafuata `targetFramework` ya kwenye `httpRuntime`, na isipoandikwa programu inaendeshwa kwa tabia za zamani za 4.0. Tuliiandika, malipo yakapita. Papo hapo kurasa zenye vihakiki vya fomu zikaanza kudai jQuery, maktaba ya JavaScript, kwa kuwa kutoka 4.5 uhakiki unafanywa kwa mtindo mpya. Tukauzima kwa kuweka `ValidationSettings:UnobtrusiveValidationMode` kuwa `None`.

Matokeo

Tulihamia seva mpya Ijumaa usiku, wiki ya mwisho ya Septemba. Seva ya zamani tuliiacha imewashwa lakini bila mtandao wa nje, ili tukishindwa Jumapili tuirudishe. Jumatatu saa mbili asubuhi kaunta ilifunguliwa, na kabla ya saa tatu rejesho la kwanza la simu likaingia.

Saa tano wakapiga simu. Ukurasa wa akiba za watoto haufunguki.

Ni ukurasa unaotumika mara chache, na hatukuwa tumeujaribu. Una kidhibiti kinaitwa `Muhtasari`. Folda ya Mikopo nayo ilikuwa na `Muhtasari` yake. Hawa wawili hawakuwemo kwenye yale makosa 87, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Wa watoto alikuwa na metodi ya `Page_Load` na lebo iitwayo `lblAkiba`. Wa mikopo alikuwa na metodi ya `OnPreRender` na lebo iitwayo `lblDeni`. Hakuna metodi iliyojirudia, hakuna lebo iliyojirudia. Kompaila ikawaunganisha kimya kimya wakawa darasa moja lenye metodi zote mbili. Ukurasa wa watoto ulipofunguliwa, `OnPreRender` ya mikopo ikaja nayo, ikaandika kwenye `lblDeni` ambayo haipo pale, ukurasa ukaanguka. Upande wa mikopo haukuonyesha dalili kwa sababu kidhibiti chake kilikuwa na `AutoEventWireup="false"`, inayozuia metodi kuitwa kwa jina lake pekee, hivyo `Page_Load` ya mgeni haikuitwa kamwe.

Tulirekebisha kwa dakika 40. Wiki iliyofuata tulifanya tulichopaswa kufanya tangu mwanzo: kila folda ikapewa nafasi yake ya majina (namespace) inayotenganisha madarasa yenye jina moja, `Chama.Vidhibiti.Mikopo`, `Chama.Vidhibiti.Watoto` na kadhalika, na `Inherits` ya kila faili, yaani jina la darasa ambalo faili linarithi, ikabadilishwa kufuata. Tulipata jozi nyingine moja iliyoungana bila dhara.

Msimu wa mbolea ulipita bila mfumo kusimama. Lile kosa la aina kukataa kugeuzwa kuwa yenyewe halijaonekana tena.

Uchambuzi

Nikiyatazama makosa yote ya aina tuliyokutana nayo, naona jambo moja chini yake. Web Site inaruhusu darasa liishi popote, kwa kuwa seva inalitafutia makazi kila inapokompaili. Web Application inataka kila darasa liwe na nyumba moja inayojulikana. `ASP.vidhibiti_mstarimdhamini_ascx` haikuwa na nyumba wakati inaitwa. Madarasa ya `App_Code` yalikuwa na nyumba mbili. `Muhtasari` mbili zilisukumwa kwenye nyumba moja. Na `cmMwanachama` aliandikishwa kwa jina la ukoo tu. Tungeingia kazini tukiuliza swali hilo kwa kila aina, badala ya kuhesabu makosa, nusu ya Agosti ingesalia.

Idadi ya makosa ilitupotosha mara mbili. Ilipokuwa 87 tulijiona karibu, ilipopanda hadi 600 tulijiona tumeharibu, na hali ya mradi katika nyakati hizo mbili ilikuwa ile ile. Ile kazi ya kugeuza aina kwa nguvu nayo ilisukumwa na hamu ya kuona namba ikishuka. Sasa tunachambua makosa kwa kundi kwanza: yamegawanyika namna ngapi, na kila namna inatoka faili la aina gani. Makosa 500 yenye sura moja karibu daima yana chanzo kimoja.

Mpangilio wa kuanza na vidhibiti visivyotegemea kitu ndio uliookoa kazi. Ningeurudia kesho bila kubadilisha hatua hata moja.

Kuunganisha hatua mbili nimesema lilikuwa kosa, na nataka niwe wazi kwa nini. Shinikizo letu lilikuwa TLS. Mradi ungeweza kubaki Web Site, ukapandishwa 4.8 kwa kubadilisha `web.config` na kusahihisha machache, na malipo ya simu yangekuwa salama kabla Agosti haijaisha. Kubadilisha aina ya mradi kungengoja Februari, mbolea ikiwa shambani na kaunta imetulia. Badala yake tulibeba hatari zote mbili kuelekea mwezi ambao chama hakiwezi kuvumilia hata moja. Tulifika salama, lakini simu ya saa tano ile ingekuwa ya ukurasa wa mikopo badala ya wa watoto, nisingekuwa na ujasiri wa kuandika hivi.

Kuhusu kijana na `LoadControl`, lawama naibeba mimi. Nilimpa kazi yenye mtego bila kukaa naye dakika kumi, kisha nikapitisha msimbo wake kwa sababu ulikompailiwa. Tangu hapo kila ukurasa wenye kidhibiti kinachopakiwa na msimbo tunaufungua kwenye kivinjari na kulinganisha na picha ya ukurasa wa zamani, kando kwa kando, kabla ya kuuita umekamilika.

Jambo jingine tuliloongeza ni hati fupi ya PowerShell (lugha ya amri za Windows) inayosoma `Inherits` ya kila `.ascx` na `.aspx` na kutaja jina lolote linalotokea zaidi ya mara moja. Inakimbia kila mara kabla ya kupeleka mfumo kwenye seva na inachukua sekunde mbili. Ingekuwepo Septemba, ingemtaja `Muhtasari` siku ya kwanza. Mwaka huu tumeitumia kwenye mfumo wa chama kingine cha wakulima wa chai, ikatoa majina manne kabla hatujagusa chochote.